Siku za Mwizi Arobaini: Adhabu na Haki katika Filamu za Kimarekani, 1967–1969

Methali isemayo kwamba siku za mwizi ni arobaini ina mambo mawili ndani yake, ijapokuwa kwa kawaida twasikia moja tu. La kwanza ni ahadi, ya kuwa mwizi hana budi kukamatwa. La pili halitamkwi, nalo ni kwamba msemaji anamjua mwizi ni nani, na wasikilizaji wake wanamjua vile vile, wala hapana ubishi baina yao. Ahadi ile yasimama juu ya maafikiano haya kama nyumba isimamavyo juu ya msingi. Maafikiano yakivunjika, siku ya arobaini yaweza kufika kama kawaida yake, na mtu akakamatwa na kuadhibiwa. Lakini wale wanaotazama hawatajua kama wafurahi au walie.

Nimeanza na methali hii kwa sababu naona yatufungulia mlango wa kuzielewa filamu kadha zilizotengenezwa Marekani katika miaka mitatu tu, tangu 1967 hata 1969, ambazo athari yake haijakwisha. Hizo ni “Bonnie and Clyde” na “The Graduate”, zote mbili za 1967; “Night of the Living Dead” ya 1968; na “Easy Rider” ya 1969. Pamoja nazo nitaitaja “In the Heat of the Night” ya 1967, ambayo ni ya namna nyingine, ili tofauti ionekane. Desturi ya wengi walioandika juu ya filamu hizi ni kuzisifu kwa ajili ya uhuru: kwamba zilivunja miiko, zikaonyesha damu na mwili wa binadamu pasipo kuficha, zikawapa vijana sauti. Hayo ni kweli, lakini hayafiki kwenye kiini. Hoja ya makala haya ni kwamba filamu hizi hazikuiondoa adhabu katika hadithi. Ziliiacha pale pale ilipokuwa, mwishoni, tena zikaizidisha ukali. Kilichoondolewa ni haki iliyokuwa ikiambatana nayo. Na warithi wake, kama nitakavyojaribu kuonyesha, wengi wao walirithi ukali wakayaacha mashaka.

Yafaa kwanza kueleza sheria iliyokuwapo. Mwaka 1930 makampuni makubwa ya filamu ya Marekani yalikubali Kanuni ya maadili iliyotungwa na padre mmoja Mjesuiti, Daniel Lord, pamoja na mchapishaji wa magazeti aitwaye Martin Quigley. Kwa miaka minne haikushikwa kwa nguvu. Tangu 1934 ilisimamiwa na ofisi ya Joseph Breen, na filamu isiyopata idhini ya ofisi ile haikuweza kuonyeshwa katika majumba ya sinema yaliyomilikiwa na makampuni hayo, ambayo ndiyo yaliyokuwa makubwa na yenye faida. Watu hukumbuka zaidi makatazo ya Kanuni hii yaliyo wazi: mabusu ya kupita kiasi, matusi, mapenzi baina ya watu weupe na weusi. Lakini uti wa mgongo wake ulikuwa amri mbili. Ya kwanza ilitaka uovu usionekane kuwa na faida, yaani mtenda mabaya alipe kabla ya taa za ukumbi kuwashwa. Ya pili ilitaka mioyo ya watazamaji isielekee kamwe upande wa mhalifu. Amri ya kwanza yahusu mpango wa hadithi, na mtu yeyote asomaye mswada aweza kuona kama imetimizwa. Ya pili yahusu moyo, na moyo hauna karani wa kuukagua. Hapo ndipo palipokuwa na ufa.

“Bonnie and Clyde” ilipita katika ufa huo. Iliongozwa na Arthur Penn kwa mswada wa David Newman na Robert Benton, na mtayarishaji wake alikuwa Warren Beatty, ambaye pia alicheza nafasi ya Clyde, naye Faye Dunaway akacheza Bonnie. Asili ya hadithi ni ya kweli: Bonnie Parker na Clyde Barrow walikuwa majambazi kutoka Texas waliouawa na askari barabarani katika jimbo la Louisiana tarehe 23 Mei 1934. Kwa hiyo mwisho ulijulikana kabla ya filamu kuanza, na kwa upande wa amri ya kwanza hapakuwa na lawama yoyote. Mwizi anaiba, siku zinahesabika, anakufa.

Tazama, hata hivyo, jinsi mambo yanavyopangwa kabla ya kufika huko. Karibu na mwanzo Bonnie na Clyde wamelala katika nyumba tupu ya shamba. Anatokea mkulima na jamaa zake, vyombo vyao vimepakiwa garini. Nyumba ilikuwa yao, na sasa imechukuliwa na benki. Clyde anampa bastola, naye mkulima anaupiga risasi ubao wenye jina la benki. Kisha anamwita mwenzake mweusi, aliyekuwa akifanya kazi naye katika shamba hilo, ili naye apige. Tukio hili halina wizi ndani yake, wala haliisukumi hadithi mbele hata hatua moja. Kazi yake ni kuuliza lile ambalo methali hudhani limekwisha jibiwa: mwizi ni nani? Watu walioishi Marekani katika miaka ya 1930 walizijua benki zilizofunga milango na akiba za wateja zikiwa ndani. Na vijana walioitazama filamu hii mwaka 1967, nchi yao ikiwa na askari karibu nusu milioni katika vita vya Vietnam, walikuwa na swali lao wenyewe juu ya wenye mamlaka. Filamu haitoi jibu. Kwa kuuliza tu imekwisha yavunja maafikiano.

Wala haituachi tukae raha upande wa majambazi. Katika wizi mmoja dereva wao, C.W. Moss, anaegesha gari mahali pembamba katikati ya magari mengine, na wakati wa kukimbia linakwama, nasi twacheka kumwona akihangaika na usukani. Kicheko hakijakauka, mzee mmoja wa benki anarukia gari kwa ubavuni, naye Clyde anampiga risasi ya uso kupitia kioo cha dirisha. Penn hatupi muda wa kujitayarisha. Mtazamaji anajikuta amecheka pamoja na wauaji, na kicheko chake hawezi kukirudisha.

Basi inafika siku ya arobaini. Baba yake C.W. amewauza kwa askari, naye anasimamisha gari lake kando ya barabara kana kwamba gurudumu limepasuka. Ndege wanaruka ghafula kutoka vichakani. Bonnie na Clyde wanatazamana mara moja, na katika mtazamo huo wanajua. Kisha risasi. Penn aliipiga picha sehemu hii kwa kamera nne zilizokwenda kwa kasi mbalimbali, na mhariri Dede Allen akaviunganisha vipande hivyo hata miili ikaonekana mara ikianguka polepole kama katika ndoto, mara ikitetemeka kwa haraka. Haichukui dakika moja. Na baada yake hapana neno. Askari wanatoka mafichoni, wanasimama, wanatazama. Sisi twawaona kupitia kioo cha gari kilichotobolewa, na filamu imekwisha. Katika filamu za zamani hapa ndipo angesimama mtu mmoja, askari au padre au mama mzazi, akasema jambo la kutuliza mioyo yetu na kutukumbusha tulikuwa upande gani. Penn hakumweka mtu huyo. Adhabu imetolewa kamili, na zaidi ya kamili, lakini hukumu haikusomwa.

Ugomvi uliofuata ni sehemu ya historia ya uhakiki, na si wa filamu peke yake. Bosley Crowther, aliyekuwa mhakiki wa “The New York Times” kwa zaidi ya robo karne, aliishambulia filamu hii zaidi ya mara moja. Asidhaniwe kuwa mtu mgumu asiyependa mapya. Kwa miaka mingi alikuwa amepinga udhibiti wa filamu na kuzitetea kazi za nchi za nje mbele ya wasomaji wa Kimarekani. Joe Morgenstern wa “Newsweek” aliilaani, kisha katika toleo lililofuata akaandika kwamba alikuwa amekosea. Pauline Kael, katika makala marefu yaliyochapwa na “The New Yorker” mwezi wa Oktoba 1967, alitetea kwamba mshtuko ule ndio uliokuwa maana ya kazi yenyewe, na kwamba ilikuwa haki watazamaji walipie kicheko chao. Mwanzoni mwa 1968 Crowther hakuwa tena katika kiti chake.

Wasomaji wa jarida hili wataona kwamba ugomvi huo, tukiufasiri kwa Kiswahili, waangukia juu ya neno moja. Kiingereza hutumia neno lile lile kwa mtu mkuu wa hadithi na kwa mtu jasiri astahiliye sifa. Wahakiki wengi wa Kiswahili wamelifasiri kwa neno “shujaa”, na shujaa kwetu ni sifa. Hatumwiti hivyo mtu ambaye hatujamkubali. Ukiandika kwamba Clyde ni shujaa wa filamu hii, umekwisha kata kesi kabla ya mashahidi kusikilizwa. Ukimwita “jambazi” na kuishia hapo, umeikata vile vile kwa upande wa pili. “Mhusika mkuu” ni neno baridi, na hapa lafaa kwa sababu ya ubaridi wake. Naona kwamba Crowther aliitazama filamu akitafuta shujaa, akamkuta jambazi, akakasirika. Na wale vijana waliokimbilia kuvaa kofia kama ya Bonnie waliambiwa watamwona jambazi, wakamkuta shujaa, wakafurahi. Pande zote mbili zilikata kesi ambayo filamu yenyewe iliiacha wazi.

Hata hivyo ipo lawama moja ambayo siwezi kuiondolea kazi hii. Inasadikiwa kwamba kundi la Barrow liliua askari tisa na raia kadha. Katika filamu watu hao hawana majina, hawana wake wala watoto. Wanaanguka na kusahauliwa. Frank Hamer, aliyewaongoza askari wa mtego ule, anaonyeshwa akikamatwa na kudhalilishwa na majambazi, jambo ambalo halikutokea kamwe, kwani hakuwahi kukutana nao kabla ya siku ile ya mwisho. Kwa uzushi huo kazi ya sheria yageuzwa kuwa kisasi cha mtu mmoja aliyeaibishwa. Kuacha kesi wazi ni jambo moja. Kuwafungia nje mashahidi wa upande mmoja ni jingine. Penn alifanya yote mawili, na la pili halina utetezi.

“The Graduate” ya Mike Nichols haina maiti, lakini mwisho wake ni ndugu wa mwisho ule. Kijana Benjamin, aliyechezwa na Dustin Hoffman, amemaliza chuo kikuu na hajui afanye nini. Anaingia katika uzinzi na Bi. Robinson, mke wa mshirika wa baba yake katika biashara, kisha anampenda Elaine, binti wa mama huyo huyo. Siku Elaine anapoozwa mtu mwingine Benjamin anakimbilia kanisani. Katika riwaya ya Charles Webb ya 1963, iliyokuwa asili ya filamu, anafika kabla ndoa haijafungwa. Katika filamu anafika imekwisha fungwa. Badiliko hilo ni dogo kwa maneno na kubwa kwa maana, kwa sababu kijana haizuii ndoa tena, anaivunja, na mlango wa kanisa anaupiga komeo kwa msalaba. Wanapanda basi wawili hao, wanakaa kiti cha nyuma kabisa, wanacheka. Hapo ndipo filamu nyingine ingekwisha. Nichols aliiacha kamera iendelee. Kicheko chafifia, macho yaangalia mbele, wala hawasemezani. Hapana mtu aliyewaadhibu. Lakini muda umeendelea baada ya furaha, na nyuso zao zaanza kuuliza wamefanya nini.

Kasoro ya filamu hii nayo ni ya namna ile ile. Katika mazungumzo mafupi kitandani twaambiwa kwamba Bi. Robinson alisoma sanaa chuoni, na kwamba aliacha masomo na kuolewa kwa sababu ya mimba. Anne Bancroft, ambaye kwa kweli hakumzidi Hoffman hata miaka saba, aisema habari hiyo kwa sauti iliyozimika, na kwa dakika chache twamwona binadamu aliyepoteza maisha yake. Kisha filamu yamsahau, yamgeuza zimwi la kukimbiwa. Ya Benjamin ilikuwa kesi ya kijana asiyejua aende wapi. Kesi nzito ilikuwa ya mama yule, naye hakusikilizwa.

Sasa tuipime filamu ya namna nyingine. Tuzo za Oscar za kazi za 1967 zilitolewa tarehe 10 Aprili 1968. Sherehe ilikuwa imeahirishwa kwa siku mbili, kwa sababu Martin Luther King aliuawa Memphis tarehe 4 na kuzikwa tarehe 9. Filamu tano zilishindania tuzo kuu, nazo zaonyesha jinsi nyumba ile ilivyokuwa imegawanyika: “Bonnie and Clyde” na “The Graduate” zilisimama safu moja na “Doctor Dolittle”, mchezo wa nyimbo na wanyama uliogharimu fedha nyingi sana na kuleta hasara. Ikashinda “In the Heat of the Night” ya Norman Jewison. Sidney Poitier anacheza Virgil Tibbs, mpelelezi mweusi kutoka Philadelphia anayejikuta katika mji mdogo wa Mississippi, akalazimika kushirikiana na mkuu wa polisi mweupe katika kesi ya mauaji. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa picha katika jimbo la Illinois, kaskazini, kwa maana Poitier hakuona salama kufanya kazi Kusini. Habari hiyo peke yake yatosha kueleza hali ya nchi.

Filamu hii ina tukio moja lisilosahaulika. Tajiri mweupe wa pamba anampiga Tibbs kofi, na Tibbs, papo hapo, anamrudishia. Kofi hilo la pili lilikuwa jambo jipya mbele ya watazamaji wa Kimarekani. Lakini mwisho wa filamu ni wa zamani: muuaji amepatikana, na mkuu wa polisi anambebea Tibbs sanduku lake mpaka stesheni ya reli. Methali imetimia pande zote. Sisemi kwamba kazi hii ni duni. Imechezwa kwa ustadi na heshima, na Rod Steiger alistahili tuzo aliyopewa. Nasema kwamba katika wiki ile, siku moja tu baada ya mazishi ya King, wenye kupiga kura walikuwa wamekwisha chagua hadithi ambayo ndani yake mambo yanapatana stesheni.

Jibu la hadithi hiyo lilikuwa limekwisha tengenezwa, na watu wa Hollywood hawakulijua. George A. Romero na wenzake wa Pittsburgh walikuwa wamemaliza filamu ya kutisha kwa gharama ya dola 114,000 hivi, na Romero alisimulia mara nyingi kwamba habari ya kifo cha King waliisikia redioni wakiwa njiani kuipeleka New York kutafuta mnunuzi. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 1968 kwa jina la “Night of the Living Dead”. Wafu wanafufuka na kula walio hai. Leo watu huwaita zombi, lakini neno hilo halimo katika filamu; mle huitwa kwa neno ambalo Kiingereza kililipata kutoka Kiarabu, ghul, yaani jini mla maiti. Watu saba wanajifungia katika nyumba ya shamba. Anayewaongoza ni Ben, mtu mweusi, aliyechezwa na Duane Jones. Mswada haukumtaja kwa rangi; Jones alipewa nafasi kwa kuwa aliwashinda wengine katika majaribio. Na katika filamu nzima hapana mtu hata mmoja anayeitaja rangi yake.

Ukimya huo ndio nguvu ya kazi hii. Ben anabishana na Harry Cooper, mtu mweupe mwenye mke na mtoto mgonjwa, juu ya mahali pa kujificha: Cooper ataka chini katika ghala la nyumba, Ben ataka juu. Sisi twamfuata Ben, kwa kuwa ni mtulivu na mwenye akili, ilhali Cooper ni mwoga na mkali. Lakini mwishowe wote waliobaki juu wanakufa, na Ben anaokoka kwa kujifungia kule kule chini ambako Cooper alisema tangu mwanzo. Romero anatunyang'anya hata faraja ya kuwa tulichagua vema. Kunakucha. Kundi la raia wenye bunduki, wakiongozwa na mkuu wa polisi, wanapita mashambani wakiwapiga wafu risasi za kichwa. Ben anasikia sauti zao, anapanda, anachungulia dirishani. Wanampiga risasi. Kisha twaonyeshwa picha zisizokwenda, zenye chembe chembe kama za gazeti: kulabu za kubebea nyama, maiti yake ikiburutwa, moto ukiwashwa. Mtazamaji wa Kimarekani wa mwaka 1968 hakuhitaji kuambiwa picha zile zinafanana na nini. Alikuwa ameziona picha za watu weusi waliouawa na makundi ya raia. Hapa siku ya arobaini imemfikia mtu asiyeiba kitu.

Filamu hii iliwapotezea wenyewe fedha nyingi kwa kosa dogo la karatasi. Jina lilipobadilishwa kutoka lile la kwanza, tangazo la haki ya kunakili lililokuwa pamoja nalo liliondolewa, na kwa sheria ya wakati ule kazi ikawa mali ya umma. Kila mtu aliweza kuichapisha na kuionyesha bila kulipa. Kwa hasara ya Romero ikaenea kila mahali, na mwaka 1999 ikaingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa.

“Easy Rider”, iliyoongozwa na Dennis Hopper na kutayarishwa na Peter Fonda, sihitaji kukaa nayo sana, kwa maana umaarufu wake wazidi uzito wake. Vijana wawili wanauza dawa za kulevya na kusafiri kwa pikipiki kutoka Los Angeles kwenda New Orleans. Mwanasheria wanayefuatana naye njiani, aliyechezwa vizuri sana na Jack Nicholson, anauawa kwa kupigwa usiku wakiwa wamelala. Mwishoni watu wawili ndani ya pikapu wanawaua vijana wenyewe barabarani, kwa sababu ya nywele ndefu tu. Vijana hawa ni wahalifu kweli, nao wanakufa kweli, lakini waliowaua hawakujua lolote juu ya uhalifu wao. Adhabu na kosa zimepishana njiani bila kusalimiana. Jambo linaloiokoa filamu isiwe malalamiko matupu ni kwamba usiku wa mwisho mmoja wao, Wyatt, anakiri kwa mwenzake kwamba wameharibu. Hasemi wameharibu nini, naye mwenzake haelewi.

Urithi wa filamu hizi una pande mbili. Upande wa kwanza ni wa kazi na fedha. Tarehe 1 Novemba 1968 Kanuni ya zamani ilifutwa, na mahali pake ukawekwa mpango wa madaraja yaonyeshayo ni watazamaji wa umri gani wafaao kuiona kila filamu. “Easy Rider” iligharimu chini ya dola 400,000 na kuleta faida ya mamilioni. Makampuni yaliyokuwa yakipata hasara kwa michezo mikubwa ya nyimbo yaliona hayo, yakawafungulia mlango waongozaji vijana. Miaka iliyofuata ilizaa matunda mengi, na kwa hoja yetu tunda lililo bora ni “Chinatown” ya 1974. Robert Towne, mtunzi wa mswada, alitaka mwisho wenye nafuu. Mwongozaji Roman Polanski akakataa. Mwovu mkuu, tajiri aliyeiba maji ya mji na kumharibu binti yake mwenyewe, anaondoka salama akimchukua mtoto, na risasi ya polisi yamwangukia aliyedhulumiwa. Penn alikuwa ameitilia shaka haki ya siku ya arobaini. Polanski asema kwamba kwa mwizi mkubwa siku hiyo haiji.

Upande wa pili ni wa ufundi, nao ndio ulioenea zaidi. Mwaka 1969 Sam Peckinpah aliuchukua mtindo wa Penn wa kuchanganya kasi katika “The Wild Bunch”, akaukuza. Na baada yake ukawa mali ya wote. Siku hizi mtu kuanguka polepole kwa risasi ni pambo la kawaida, lisilouliza swali lolote. Mwaka 1977 “Star Wars” ilirudisha wema na uovu uliotengwa waziwazi kama weupe na weusi wa mavazi, na watu wakajaa majumbani. Yafaa tutafakari kwamba hapakuwa na Kanuni iliyoamuru hivyo. Breen alikuwa amekufa na ofisi yake imefungwa. Watazamaji walitaka wenyewe kurudi katika nyumba yenye msingi. Kwa hiyo wale wasemao kwamba filamu za 1967 ziliwakomboa watu kutoka katika sheria wamekosea juu ya asili ya kifungo. Sheria ilikuwa imeandika tu hamu iliyokuwamo mioyoni.

Mifano miwili ya karibu itaonyesha kwamba kesi haijafungwa. Mwaka 2019 ilitoka “The Highwaymen”, isimuliayo habari za Bonnie na Clyde kwa upande wa Hamer na askari mwenzake. Waliouawa wanapewa majina na huzuni, nayo ni sahihisho la haki kwa kosa la Penn. Lakini majambazi wenyewe hatuonyeshwi vizuri nyuso zao mpaka karibu na kifo. Mashahidi waliofungiwa nje wameingizwa, na wale wengine wametolewa. Yaelekea hadithi hii ina kiti kimoja tu cha shahidi.

Mfano wa pili ni “Get Out” ya Jordan Peele, iliyotoka 2017. Peele ametaja mara kadha deni lake kwa filamu ya Romero. Chris, kijana mweusi, ametoroka katika nyumba ya watu weupe waliotaka kuutwaa mwili wake. Yuko barabarani usiku, maiti zimemzunguka, mikono yake imo shingoni mwa msichana mweupe. Mara zinaonekana taa za gari la polisi. Katika filamu za zamani taa hizo zilikuwa ndizo wokovu. Hapa ukumbi mzima waingiwa na hofu, kwa maana kila mtu amekwisha jua mwisho wa Ben, hata asiyepata kuiona filamu ile. Peele alikuwa amepiga picha mwisho ambao Chris anakamatwa na kufungwa. Akauacha, akachagua mwingine, ambao anayeshuka garini ni rafiki. Wapo wasemao kwamba alilainisha kazi yake. Mimi naona kinyume. Sekunde zile za hofu, kabla mlango wa gari haujafunguliwa, zaeleza yote aliyoyaeleza Romero, tena bila risasi hata moja, kwa sababu hukumu imehamia ndani ya mtazamaji mwenyewe, naye amejisikia akiitoa.

Kwa ajili hiyo nashauri kwamba sisi tunaoandika uhakiki kwa Kiswahili tuwe waangalifu na maneno tunayowapa watu wa hadithi. Tukimwita mmoja shujaa na mwingine mwizi tangu sentensi ya kwanza, tutakuwa tunazihakiki filamu hizi kwa kipimo cha ofisi ya Breen, hata tukijiona watu wa kisasa. Methali yetu ni njema na siiombei kufa. Lakini kabla ya kuhesabu siku arobaini yatupasa kumuuliza anayehesabu ni nani, na nani alimwambia aanze.